Sura ya Sita: Kwa Matumizi ya Ofisi Tu

Kila kinachojazwa katika fomu ya wavuti, kiwe jina la mtu, kiasi cha fedha, tarehe ya kuzaliwa au alama ya tiki ndani ya kisanduku, husafiri hadi kwenye seva kikiwa maandishi, na seva haina njia ya kujua, kwa kuyatazama maandishi hayo peke yake, ni yapi yaliyokusudiwa kuwa namba na ni yapi yaliyokusudiwa kubaki maneno. Utaratibu huo uliwekwa rasmi katika toleo la 2.0 la HTML, yaani lugha inayotumika kuandikia kurasa za wavuti, lililochapishwa Novemba 1995. Kivinjari hukusanya nafasi zote za fomu, huliambatanisha kila jibu na jina la nafasi yake kwa alama ya usawa, huziunga jozi hizo kwa alama ya &, kisha hupeleka mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anayejaza ombi lake mtandaoni huwa amepeleka kitu kinachofanana na jina=Asha+Juma&kiasi=500000&miezi=12, ambamo hata nafasi tupu kati ya majina mawili imegeuzwa kuwa alama ya kujumlisha.

Mwisho wa safari hiyo mstari hukutana na ulimwengu wa namna nyingine. Katika uandishi wa programu unaojengwa juu ya objekti, mtindo ambao mizizi yake imo katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa nchini Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, objekti ni kifurushi kinachoweka pamoja data na vitendo vinavyoihusu data hiyo, na klasi ni mchoro unaoeleza jinsi objekti za aina moja zitakavyokuwa. Objekti za shughuli, ambazo ndizo zinazohusika na sura hii, ni zile zinazosimama badala ya mambo ya kazi yenyewe, kama vile mwanachama, mkopo, rejesho na mdhamini katika programu ya chama cha akiba na mikopo, nazo ni tofauti na objekti za kusaidia tu zinazofungua mafaili au kuwasiliana na mtandao. Objekti ya mkopo iliyoandikwa vizuri inajua kwamba kiasi chake ni namba iliyo kubwa kuliko sifuri, kwamba fedha hazitolewi kabla kamati ya mikopo haijaidhinisha, na kwamba deni likishalipwa lote halifunguliwi tena. Data yake ya ndani imesitiriwa, kwa maana kwamba haifikiwi isipokuwa kwa kupitia vitendo ambavyo objekti yenyewe imekubali kuvitenda, na usitiri huo ndio unaoiwezesha kuutetea ukweli wake. Alan Kay wa Marekani, aliyeupa mtindo huu jina lake, amesisitiza mara nyingi kwamba kiini chake ni ujumbe ambao objekti hutumiana kuliko objekti zenyewe, na itaonekana baadaye kwamba waliolipuuza sisitizo hilo walilipa gharama.

Kazi ya kuchukua majibu yaliyomo katika mstari wa maandishi na kuyaweka katika sifa za objekti, kila jibu mahali pake, ndiyo inayoitwa hapa ufungamanishaji. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha: fomu yenye nafasi 40 inamtaka mwandishi wa programu aandike mara 40 maagizo yale yale ya kusoma neno, kulijaribu kama ni namba, kuligeuza na kuliweka, huku akijua kwamba kosa dogo la tahajia katika jina moja litaifanya nafasi hiyo ipotee kimyakimya. Kwa hiyo viunzi vya programu, yaani mikusanyiko ya msimbo uliokwisha kuandikwa ambayo waandishi wengine huijengea programu zao, vilijitwika kazi hiyo mapema. Vilifanya hivyo kwa msaada wa uakisi, ambao ni uwezo wa programu kujitazama yenyewe wakati inaendeshwa na kuuliza objekti iliyo mbele yake ina sifa zipi na vitendo vipi. Kiunzi kikiona katika ombi jina kiasi, huitazama objekti ya mkopo, hutafuta humo kitendo cha kuweka kiasi, na kikikipata hukiita bila kuagizwa na mtu.

Katika lugha ya Java uakisi huo uliegemea desturi ya majina iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems kati ya 1996 na 1997 kwa jina la JavaBeans, ambayo kwayo kitendo kiitwacho setKiasi kinahesabiwa kuwa ushahidi kwamba objekti ina sifa iitwayo kiasi, na kwamba sifa hiyo inaweza kubadilishwa kutoka nje. Inafaa kukumbuka kwamba desturi hiyo ilibuniwa kwa ajili ya zana za kuchorea skrini, ambamo mwandishi wa programu huburuta vitufe na visanduku kwa kipanya na kubadilisha rangi na ukubwa wake katika jedwali la sifa lililo pembeni. Kilichotengenezwa ili mtu aipake rangi kazi yake mwenyewe mezani pake kilikuja kupewa jukumu la kupokea maagizo ya watu wasiojulikana kutoka pande zote za dunia, wala haionekani kwamba wakati huo wengi waliiona tofauti hiyo kuwa kubwa.

Matatizo yaliyoonekana kwanza yalikuwa ya ugeuzaji, yaani kulifanya neno liwe namba, tarehe au jibu la ndiyo na hapana. Kisanduku cha tiki ndicho mfano unaowashangaza wanaoanza, kwa kuwa kivinjari hukituma kikiwa kimetiwa tiki tu. Kikiachwa wazi, hakuna chochote kinachotumwa, hata jina lake. Seva haiwezi kutofautisha mwanachama aliyeondoa tiki kwa makusudi na fomu ambayo haikuwa na kisanduku hicho tangu mwanzo, na matokeo yake ni kwamba mtu aliyeomba asiendelee kutumiwa ujumbe wa matangazo hubaki katika orodha, kwa sababu hakuna jibu lililofika la kuibadilisha sifa ya zamani. Kiunzi cha Rails hulizunguka tatizo hili kwa kutia nafasi iliyofichwa yenye thamani ya 0 kabla ya kila kisanduku, na Spring hutumia nafasi nyingine yenye jina lile lile lililotanguliwa na mstari wa chini, kama ushahidi kwamba kisanduku kilikuwapo. Ni ufundi wa kuridhisha, ingawa unadhihirisha jinsi mkataba kati ya fomu na objekti ulivyo mwembamba.

Tarehe na namba zina hila zake. Klasi ya zamani ya Java ya kusoma tarehe, SimpleDateFormat, ina ulegevu ambao usipozimwa huigeuza 31 Februari 2023 kuwa 3 Machi 2023 bila kulalamika. Maktaba ya BeanUtils, iliyotumiwa sana kufungamanisha data katika Java, ilikuwa na kawaida ya kuweka sifuri pale ambapo neno lililotakiwa kuwa namba halikusomeka, hivyo aliyeandika “laki tano” angeweza kujikuta ameomba mkopo wa shilingi sifuri. Namba ya simu inayoanza na 0, ikifungamanishwa na sifa ya aina ya namba kwa sababu tu inaitwa namba, hupoteza ile sifuri ya mwanzo na haipatikani tena. Kosa hilo ni la mchora klasi, kwa kuwa kitu kisichojumlishwa wala kuzidishwa hakina haja ya kuhifadhiwa kama namba. Muda nao una jambo ambalo hakuna kiunzi kinachoweza kulitatua peke yake: kivinjari chenye nafasi maalumu ya muda hutuma saa kwa kuhesabu kutoka usiku wa manane, lakini nafasi ya kawaida ya maandishi inayouliza “saa ya miadi” itapokea 3:00 kutoka kwa msemaji wa Kiswahili anayemaanisha saa tatu asubuhi, na programu itaiandika miadi hiyo kuwa ya saa tisa usiku. Maana ya neno haimo ndani ya neno. Imo kwa aliyelisema na aliyeulizwa.

Kutokana na shida za namna hii ndipo lilipojitokeza wazo ambalo baadaye lilidharauliwa na ambalo sura hii inalitetea. Craig McClanahan alipoanzisha kiunzi cha Struts mwaka 2000, alitenga klasi ya pekee kwa ajili ya fomu, iliyoitwa ActionForm, na ushauri uliozoeleka miongoni mwa waliotumia kiunzi hicho ulikuwa kwamba sifa zake zote ziwe za maandishi, hata pale ambapo jibu lililotarajiwa lilikuwa namba. Sababu yake ni ya busara. Mwombaji akiandika “laki tano” katika nafasi ya kiasi, heshima inataka arudishiwe fomu yake ikiwa na maneno yake yale yale na maelezo ya kosa pembeni, ilhali objekti ya mkopo, ambayo kwayo kiasi ni namba, haina pa kuyaweka maneno hayo. Ikilazimishwa kuyapokea, itabidi ikubali kuwa nusu mkopo, yenye kiasi kisichojulikana na tarehe isiyokuwapo, na kila kitendo chake kitalazimika kuanza kwa kujiuliza kama objekti ni timamu au la.

Fomu, kwa hiyo, ni rasimu ya maneno ya mtu, na rasimu ina haki ya kuwa na makosa, mapengo na vifuto. Objekti ya shughuli ni jambo ambalo taasisi imelikubali na inaliwekea saini. Kati ya hali hizo mbili kuna tendo la kupokea, ambalo katika ofisi ya karatasi hufanywa na karani anayeipitia fomu mstari kwa mstari, anayeuliza pale pasiposomeka, na anayeikataa isiyo na sahihi ya mdhamini. Wanaoufikiria ufungamanishaji kuwa uhamishaji wa data tu humwondoa karani huyo bila kujua kwamba walikuwa naye.

Waandishi wa programu waliokuwa wakitumia Struts walilalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya bure. Kwa kila klasi ya shughuli walilazimika kuandika klasi pacha ya fomu yenye sifa zile zile, kisha msimbo wa kunakili kutoka hii kwenda ile, na sifa moja ikiongezwa ilibidi sehemu tatu au nne zibadilishwe pamoja. Rod Johnson, aliyechapisha mwaka 2002 kitabu ambacho msimbo wake ulizaa kiunzi cha Spring, alichagua njia nyingine, na Spring 1.0 ilipotoka Machi 2004 moja ya mambo yaliyoipendezesha lilikuwa uwezo wa kufungamanisha fomu moja kwa moja na objekti ya shughuli, bila pacha wa katikati. Mwaka huo huo David Heinemeier Hansson alitoa Rails kwa lugha ya Ruby, ambayo ilikwenda mbali zaidi: nafasi za fomu zilipewa majina kama mkopo[kiasi] na mkopo[miezi], seva ikazikusanya katika fungu moja, na mstari mmoja tu wa msimbo ukatosha kuunda mkopo kutokana na fungu lote na kuuhifadhi katika hifadhidata. Waliokuwa wamezoea taabu ya zamani waliona kama mzigo umeshushwa kichwani, na ni haki kusema kwamba maelfu ya programu nzuri zilizoandikwa haraka katika miaka hiyo zisingeandikwa kabisa bila urahisi huo.

Ili kuona kilichopotea, inasaidia kuitazama fomu ya karatasi ya ombi la mkopo. Sehemu ya juu ni ya mwombaji: jina, namba ya uanachama, kiasi, muda wa marejesho, wadhamini. Chini yake kuna mstari mnene, na chini ya mstari kuna maneno KWA MATUMIZI YA OFISI TU, yakifuatwa na nafasi za kuandika kama ombi limeidhinishwa, kiasi kilichokubaliwa, riba, na sahihi ya mwenyekiti wa kamati. Objekti ya mkopo ina sifa za sehemu zote mbili, kwa kuwa mkopo ni mmoja. Fomu ya wavuti huonyesha sehemu ya juu peke yake, na mwandishi wake hudhani kwamba kutoionyesha sehemu ya chini kunatosha kuifunga. Lakini kivinjari ni cha mtumiaji, na mstari unaotumwa unaweza kuandikwa na mtu yeyote kwa mkono; akiongeza mwishoni &mkopo[imeidhinishwa]=1, kiunzi kinachofungamanisha kila jina kinalolitambua kitaiona sifa ya imeidhinishwa katika objekti, kitaijaza kwa utiifu ule ule kilioutumia kujaza kiasi, na mwombaji atakuwa ameiweka sahihi ya mwenyekiti yeye mwenyewe.

Kasoro hii ilikuwapo hata kabla ya objekti kushika usukani. PHP, lugha iliyotokana na zana alizozianzisha Rasmus Lerdorf kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, ilikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals, ambao uliligeuza kila jina lililomo katika ombi kuwa kigeugeu, yaani chombo cha kuhifadhia thamani ndani ya programu, kinachoonekana kila mahali. Mwandishi aliyesahau kukipa kigeugeu chake thamani ya mwanzo alimwachia mgeni akipe. Mpangilio huo ulizimwa kama kawaida katika PHP 4.2.0 ya Aprili 2002, na ukaondolewa moja kwa moja katika PHP 5.4.0, iliyotolewa 1 Machi 2012.

Siku tatu baadaye, 4 Machi 2012, kasoro ile ile ikiwa imevaa vazi la objekti iliibuka mahali ambapo kila mwandishi wa programu angeiona. Egor Homakov, kijana wa Urusi, alikuwa akiwaeleza watunzaji wa Rails kwamba kawaida ya kiunzi chao ya kukubali kila sifa ni ya hatari, akajibiwa kwamba kinga zipo na ni juu ya kila mwandishi kuzitumia. Msimbo wa Rails wenyewe ulihifadhiwa katika GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo wa programu, na GitHub ilikuwa imejengwa kwa Rails. Homakov kwanza aliandika hoja iliyobeba tarehe ya miaka kama elfu moja mbele, kwa kuijaza sifa ya tarehe ambayo fomu haikuiuliza. Kisha akaitumia fomu ya kuhuisha ufunguo wa umma, yaani faili linaloithibitishia seva kwamba anayeleta msimbo ndiye mwenye ruhusa, akaongeza katika ombi lake sifa inayotaja mwenye ufunguo ni nani, na akaandika humo kitambulisho cha akaunti ya mradi wa Rails. Seva iliupokea ufunguo wake kama ufunguo wa wenye mradi, naye akaingiza badiliko katika msimbo wa Rails bila kibali. GitHub iliuziba mwanya siku hiyo hiyo, ikaisimamisha akaunti yake, kisha ikairejesha. Kinga zilizotajwa katika mabishano hayo zilikuwapo kweli. Tatizo ni kwamba zilikuwa za hiari, na hata waliokijua kiunzi hicho kuliko wengi walikuwa wamezisahau mahali pamoja.

Rails ilibadilika. Tangu toleo la 4.0 la Juni 2013, msimbo unaopokea ombi unalazimika kutaja kwa majina sifa zinazoruhusiwa kujazwa kutoka nje, na fungu ambalo halikupitishwa katika utajaji huo hukataliwa lote. Django, kiunzi cha lugha ya Python, kilifika mahali pale pale kwa njia yake: tangu toleo la 1.8, fomu inayoundwa kutokana na klasi ya hifadhidata haiendi mbele mpaka mwandishi ataje sifa zinazohusika au zinazoachwa nje, na anayetaka zote hulazimika kusema kwa maandishi kwamba anazitaka zote.

Kwa upande wa Java somo lilikuwa kali zaidi, kwa sababu huko ufungamanishaji ulikuwa umepewa uwezo wa kufuata njia ndefu. Jina kama mwanachama.anwani.mtaa lilimaanisha kwamba kiunzi kichukue mwanachama, kitoe anwani yake, kisha kiweke mtaa, na urahisi huo ulipendwa kwa kuwa objekti za shughuli hushikana mikono kama watu wa ukoo mmoja. Ila kila objekti ya Java, iwe mkopo au mwanachama, hurithi kitendo kiitwacho getClass, ambacho kwa desturi ya JavaBeans kinafanana kabisa na kitendo cha kusoma sifa iitwayo class. Kutoka kwenye class njia iliendelea hadi kwenye kipakiaji, yaani sehemu ya mashine ya Java inayoleta klasi zote kumbukumbuni, na kutoka hapo hadi ndani ya seva yenyewe. Mwaka 2010 ilibainika kwamba mtu angeweza kuandika njia hiyo katika jina la nafasi ya fomu na kuifanya seva ipakie msimbo wake. Watunzaji wa Spring waliifunga kwa kuzuia jina mahususi la kipakiaji pale linapoombwa kutoka kwenye class.

Zuio hilo lilisimama imara mpaka nyumba yenyewe ilipojengewa mlango mwingine. Java 9, iliyotoka Septemba 2017, iligawanya msimbo katika moduli, na kila class ikapata sifa mpya iitwayo module, ambayo nayo ilijua kipakiaji kilipo. Njia ya class.classLoader ilikuwa imefungwa, lakini class.module.classLoader haikuwapo zuio lilipoandikwa, na hakuna aliyerudi kulitazama upya. Mwishoni mwa Machi 2022 mwanya huo ulitangazwa, ukapewa jina la Spring4Shell, na namna ulivyotumiwa dhidi ya seva ya Tomcat inastahili kuelezwa, kwa kuwa haikuhitaji chochote zaidi ya nafasi za fomu. Mshambuliaji alifuata njia hiyo hadi kwenye objekti inayoandika kumbukumbu za wageni wa seva, akabadilisha sifa zake za kawaida kabisa, yaani folda ya kuandikia, jina la faili, kiambishi cha mwisho na muundo wa kila mstari, hivi kwamba kumbukumbu zikaanza kuandikwa katika folda ya kurasa za wavuti, zikiwa na kiambishi cha ukurasa wa JSP unaoendeshwa na seva, na mstari wake ukiwa ni msimbo alioutaka yeye. Baada ya hapo aliufungua ukurasa huo kama mgeni mwingine yeyote, na seva ikamtii.

Katika marekebisho ya 2022, yaliyotolewa katika matoleo ya 5.3.18 na 5.2.20, Spring iliacha kutaja kilichokatazwa katika class na badala yake ikaruhusu sifa za jina peke yake, nyingine zote zikakataliwa hata zile ambazo bado hazijabuniwa. Orodha ya makatazo humtaka mwandishi awajue maadui wote, wakiwemo watakaozaliwa baada yake, ilhali orodha ya ruhusa humtaka aijue kazi yake tu. Miaka 12 ilipita kati ya orodha ya kwanza na ya pili.

Hata hivyo orodha ya ruhusa ni dawa ya dalili. Mwandishi aliyeruhusu kiasi na miezi kujazwa kutoka kwenye fomu bado ameiacha objekti ya mkopo iwe sanduku lenye matundu, ambalo hujazwa tundu baada ya tundu kwa mpangilio ambao objekti yenyewe haiujui. Tuseme kanuni ya chama inasema mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mwanachama na usizidi miezi 36. Kiasi kinapowekwa, miezi haijawekwa. Mkopo unaojaribu kujihakiki katika dakika hiyo utalalamika bure, na usiojihakiki umeacha wajibu wake. Ndiyo maana klasi nyingi zilizokua chini ya viunzi hivi zimebaki na vitendo vya kuweka na kusoma tu, na hekima yote ya mikopo imehamia kwingine. Martin Fowler, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya usanifu wa programu, aliuita muundo wa aina hiyo mwaka 2003 kuwa una upungufu wa damu, na inaelekea ufungamanishaji wa moja kwa moja ni mmoja wa kupe waliokuwa wakiinyonya.

Njia iliyo nyoofu zaidi ni kurudi kwenye ujumbe aliousisitiza Kay. Mwanachama hatumi thamani za sifa. Anatenda jambo, nalo jambo hilo lina jina ambalo karani yeyote analijua: kuomba mkopo, kubadilisha namba ya simu, kumwondoa mdhamini, kurejesha. Kila tendo hupewa klasi yake ndogo isiyo na hekima yoyote, yenye maandishi ya fomu kama yalivyokuja, na hiyo ndiyo inayofungamanishwa na ombi. Katika Java klasi za namna hiyo zimekuwa fupi sana tangu toleo la 16 la Machi 2021, ambalo liliruhusu rasmi klasi za rekodi zinazoandikwa kwa mstari mmoja, kwa hiyo lalamiko la zamani la waliotumia Struts limepungua uzito. Maneno yakishahakikiwa na kugeuzwa, mkopo huundwa mara moja ukiwa kamili, au hauundwi kabisa. Na idhini huja kwa kitendo kingine cha kamati, kinachomtaja aliyeidhinisha. Klasi ya tendo la kuomba haina sifa ya imeidhinishwa, na hakuna mstari wa maandishi unaoweza kujaza kisichokuwapo.

Kuna pingamizi moja la kuheshimiwa kutoka upande wa pili kabisa. Richard Pawson, katika tasnifu yake ya mwaka 2004 katika Chuo cha Trinity, Dublin, alitetea programu ambazo hazina fomu za kuandikwa kwa mkono, bali skrini zake huzalishwa moja kwa moja kutokana na objekti za shughuli, na idara ya ustawi wa jamii ya Ayalandi iliujenga mfumo wake wa posho ya watoto kwa namna hiyo. Kwa haraka msomaji angedhani kwamba huo ni ufungamanishaji uliovuka mipaka. Lakini katika mfumo wa Pawson kinachoonyeshwa kwa mtumiaji ni pamoja na vitendo vya objekti, naye hufanya kazi kwa kuviita, huku objekti ikiwa na haki ya kukataa. Sharti lake ni kwamba objekti ziwe na hekima kwanza. Kinachokatazwa na hoja ya sura hii ni kuipitia objekti dirishani wakati mlango wake uko wazi.

Programu ndogo ya mtu mmoja inayohifadhi orodha ya vitabu vyake haina haja ya haya yote, na anayeiandikia klasi za matendo anajitafutia kazi. Kwa zile zinazopokea maneno ya wageni, kupungua kwa fomu za zamani hakujabadilisha kitu: programu za simu hutuma data kwa muundo wa JSON badala ya jozi za majina na majibu, na viunzi huifungamanisha kwa uakisi ule ule, kiasi kwamba OWASP, taasisi inayofuatilia usalama wa programu za wavuti, iliuweka udhaifu huu katika nafasi ya sita ya orodha yake ya 2019 ya hatari za violesura vya programu. Msomaji aliye na programu ya namna hiyo mikononi mwake hana haja ya kungoja tangazo. Aifungue klasi iliyo muhimu kuliko zote katika shughuli yake, aandike pembeni sifa ambazo hakuna fomu inayoziuliza, kisha atume ombi lenye majina hayo kwenye seva yake mwenyewe ya majaribio, na aitazame hifadhidata kuona ni ipi iliyobadilika.